Mahindi matamu (switikoni) yanavunwa lini hasa? Yangu yametoka kama ya ugali

Mkulima_wa_Jioni
Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaolima haya mahindi matamu, yale ya njano ya supamaketi. Nipo Kibaha, nina kaeneo nyuma ya nyumba, mwezi wa tatu masika yalipoanza nikanunua pakiti ya mbegu duka la pembejeo nikapanda nusu yake. Yakaota vizuri, viwavijeshi nikapambana navyo kwa mkono asubuhi asubuhi kabla sijaenda kazini, yakabeba. Sasa kwenye kuvuna ndo nimechemka. Mimi nimekulia Songea, mahindi nayajua toka utotoni, hindi la kuchoma unasubiri ndevu zikauke kabisa, ganda lianze kupoteza ukijani, ukiminya punje iwe imeshika. Nikafanya hivyo hivyo. Juzi tumechemsha, watoto wameng'ata mara moja wakarudisha kwenye sahani, wife akauliza kama haya si ya kupeleka mashine. Yaani sukari hamna kabisa, yana unga unga yananasa kwenye meno. Ile nusu pakiti nyingine nimeipanda mwezi wa tano kwa dripu, sahivi yapo magotini. Haya nivune lini? Pakiti imeandika siku 75 basi, haijasema toka kupanda au toka kuota. Au nimepigwa mbegu feki?

kijana_wa_usariver
Mkuu pole, ila hapo umevuna switikoni kwa sheria za gobo, yale mahindi ya kuchoma 😂

Hili sio hindi la Songea. Hindi la kawaida sukari inageuka wanga mapema na ndio tunachotaka, unga. Hili limezaliwa na hitilafu ya kuchelewa kugeuza, ndo utamu wenyewe unapotokea, ila linachelewa tu haliachi, kwa hiyo ukisubiri punje ishike ushapitwa. Achana na siku za pakiti, zile ni za makadirio tu, hesabu toka ndevu zilipotoka. Siku ukiona kama nusu ya miche imetoa ndevu, funga uzi mwekundu kwenye mche mmoja au andika kwenye simu. Kwa joto la huko kwenu anza kukagua siku ya 17, ya 20 hivi uwe unakula. Sisi huku Usa River, Arusha, mwezi wa sita na wa saba kibaridi kikibana inaweza kufika 25, niliwahi kuvuna kwa hesabu ya Februari nikapata punje za maji matupu boksi zima, mwenye hoteli akanirudishia.

Kwa macho: ndevu za nje ziwe kahawia na kavu LAKINI pale zinapoingilia kwenye hindi bado zina unyevu na ukijani kidogo. Ganda kijani kabisa. Ukiona ganda linafifia hilo waachie mbuzi.

Mama_Bustani
Na usiyachungulie yote jamani, nimeona watu wanamenya kila hindi shambani kuangalia halafu wanashangaa wadudu na ndege. Shika ncha kwa juu ya ganda, pale penye ndevu. Likiwa bado linakuwa limechongoka kama penseli, likijaa linakuwa butu, duara. Mkono ukizoea humenyi hata moja. Ukiwa na wasiwasi chagua moja tu, fungua upande kidogo, toboa punje ya katikati kwa kucha. Maji maangavu, funika subiri siku mbili. Maziwa, vuna. Kama inatoka kitu kizito kama uji basi ndo yale ya mume wako... samahani ya mke wako kupeleka mashine 😅

Mimi nilichojifunza kwa hasara ni baada ya kuvuna. Nilikuwa navuna jioni nikitoka dukani, naacha kwenye kiroba jikoni, kesho yake mchana ndo nachemsha, nalaumu mbegu. Haya yanaendelea kugeuka hata yakishakatwa. Sasa hivi alfajiri nashika hindi, navuta chini nasokota linakatika lenyewe, nalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi na maganda yake, friji moja kwa moja.

shamba_nakuru
Sawa lakini hamjamuuliza swali moja. Boss, jirani amepanda nini? Maana hiyo shida ya unga niliipata huku Nakuru na nilikuwa nimevuna siku ya 21 sawasawa, kalenda ikiwa ukutani. Kumbe mahindi ya kawaida yalikuwa ng'ambo ya ua tu.

Mkulima_wa_Jioni
Dah. Jirani kapanda mahindi meupe ya kawaida, tumepanda wiki moja na hata mvua tuliisubiri pamoja. Kutoka ua wangu ni kama hatua kumi upande wa kusini. Hiyo inahusiana vipi mkuu na mimi sikuvuna mbegu nimekula tu?

BwanaShamba_Mstaafu
Inahusiana sana kijana. Mazao mengine ukichanganyika na jirani madhara utayaona kwenye mbegu msimu ujao, tunda lenyewe halibadiliki. Mahindi sivyo, kwa sababu unachokula ndiyo mbegu yenyewe. Kila uzi mmoja wa ndevu unaenda kwenye punje moja, na punje hiyo baba yake ni ule unga wa njano ulioangukia uzi huo kutoka kwenye mbelewele, lile ua la juu ya bua. Ukitoka kwa jirani, punje hiyo inakuwa na wanga hapo hapo, msimu huu huu. Na kwa kuwa mahindi yako ni ya njano na yake meupe hutagundua kwa rangi, zote zitabaki njano au kupauka kidogo tu. Ingekuwa kinyume, yako meupe na yake ya njano, ungeona madoadoa.

Halafu angalia tarehe. Umepanda Machi, ndevu zimetoka Mei, upepo wa kusi umeshashika huko pwani na jirani yuko kusini kwako. Amekupulizia msimu mzima.

Kuna namna ya kujua kama ni kuchelewa au ni jirani. Una mahindi uliyoyaacha kwenye bua? Yaache yakauke kabisa kisha umenye. Punje tamu halisi ikikauka inasinyaa, inakunjamana kama zabibu kavu. Iliyochanganyika inajaa, laini, inang'aa kama ya ugali.

Mama_Bustani yuko sahihi kuhusu maziwa ila nimwongezee, zile aina tamu zaidi, ambazo mbegu yake kwenye pakiti ni nyembamba na imesinyaa sana, maji yake hayawi meupe sana hata likikomaa, ukisubiri maziwa mazito utachelewa. Hizo amini siku na ncha. Zinavumilia friji siku kadhaa. Zile za zamani za kawaida kwenye joto la 30 zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari kwa siku moja.

Mkulima_wa_Jioni
Shikamoo mzee, asante sana. Yapo mabua kama manane kwenye kona sijayagusa. Nayaacha.

BwanaShamba_Mstaafu
Marahaba. Na hayo ya magotini umeyapanda kwa mstari mmoja au kwa kitalu, mistari kadhaa pamoja?

Mkulima_wa_Jioni
Mistari mitano mifupi mzee.

BwanaShamba_Mstaafu
Vizuri. Mstari mmoja mrefu unga unapeperuka unapotea unapata hindi lina mapengo. Na umepata bahati, yako yakitoa ndevu mwezi wa saba ya jirani yatakuwa yamekauka, mbelewele hazina kitu tena. Ukiwa na maji, hiyo ndiyo saa ya kulima matamu huko. Kwenye masika ungehitaji mita 75 na zaidi kutoka kwake, au upishane naye wiki mbili mbili na nusu, na majirani huwezi kuwapangia.

kijana_wa_usariver
Mimi bado nasema kachelewa. Ndevu zimekauka kabisa na ganda limefifia ile ni siku ya 28 au 30 hata ungelima kisiwani peke yako.

Mkulima_wa_Jioni
Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki kadhaa. Yale manane yamekauka nimemenya jana. Yale ya karibu na ua wa jirani punje nyingi zimejaa laini kabisa, moja ukimpa mtu bila kumwambia atasaga. Yale ya ndani nyingi zimekunjamana kama mzee alivyosema, yaani hata kwenye gunzi moja zimechanganyikana, kunjamana tatu, laini moja. Kwa hiyo kijana wa Usa na wewe una haki yako, ya ndani yalikuwa matamu kumbe nikayachelewesha mwenyewe.

Haya mapya ndevu zilitoka Jumanne ya wiki ile nikafunga uzi, leo ni siku ya 16. Ncha bado zimechongoka. Swali dogo tu: ngedere toka jana wamehamia kwenye mwembe wa jirani wanaangalia huku kwangu, sijui na wao wamehesabu toka ndevu?

Mama_Bustani
Hao siku ya 17 wanakula. Kalale shambani.