Dunia ya mchezo wa mezani imegoma kuwa riwaya, nikate wapi?

Wino_Mkavu
Wakuu, salaam. Nina dunia ya fantasia iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa mezani, ule ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua kama amefaulu: falme sita, ramani ya vyumba vya pembe sita, miungu kumi na mmoja, kurasa 140 za maelezo. Naiandikia riwaya na rasimu imekwama sura ya 4. Sura mbili za mwanzo ni historia tupu, safari hazilingani na ramani, mapigano yananuka dadu. Nikate nini? Na vitabu vya wengine mnavisomaje ili kujifunza hili?

Pembesita
Anza na ramani mkuu, ndiyo inayoumbua mapema. Chumba kimoja kiwe kilomita 10. Mtu wa miguu mwenye mzigo huenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku kwenye barabara nzuri, yaani vyumba vitatu kwa shida. Msituni viwili, mlimani au kwenye tope kimoja. Andika siku kwa penseli juu ya kila mstari wa safari, kisha rudi kwenye rasimu uone kama kuna mjumbe aliyefika kabla hajatumwa. Huwa yupo.

Halafu piga hesabu ya matumbo. Farasi wa mizigo hubeba kama kilo 90 na hula kama kilo 10 za nafaka na majani makavu kwa siku. Pasipo malisho, siku ya tisa amekula mzigo wake wote, na askari hajapata hata punje. Maji bado hatujayagusa. Kwa hiyo jangwa la vyumba 30 halivukwi na jeshi bila visima. Usilione hilo kama kikwazo: nani anashika kisima cha katikati? Vita yako imeshapata sababu, na huhitaji unabii wa kale.

Mito nayo huungana inaposhuka, haipasuki njiani ila karibu na bahari kwenye delta. Na ukiwa na mnara wa mita 100 kwenye tambarare, mtu aliyesimama chini huanza kuona kilele chake akiwa umbali wa kilomita 40 hivi, kama dunia yako ina ukubwa wa hii yetu. Msafiri wa miguu ataukodolea macho siku nzima na zaidi. Hiyo ni sura nzuri, usiiruke.

Kalamu_Mbili
Kwenye mchezo unatayarisha falme sita kwa sababu hujui wachezaji watageukia wapi. Kwenye riwaya unajua. Chora daftari safu tatu: jambo lenyewe, nani analijua, uamuzi gani unabadilika kwa sababu yake. Safu ya tatu ikiwa tupu, jambo libaki daftarini. Mungu wa tisa asiyemzuia mtu kufanya lolote hana kazi kitabuni, hata kama jina lake ni tamu.

Mapigano yananuka dadu kwa sababu mbili. Kwanza zamu: huyu kapiga, yule kapiga, huyu tena. Vunja zamu, bakiza uamuzi mmoja mgumu kwa kila pigano. Pili majeraha. Kwenye kanuni nyingi za mchezo mtu hupigana kwa nguvu zile zile mpaka uhai ufike sifuri. Kitabuni bega lililochanwa sura ya 3 lazima limzuie kupanda ukuta sura ya 5. Na dadu ikisema ameshindwa kufungua kufuli, msomaji atauliza kwa nini. Mpe sababu inayoshikika: mchanga ndani ya kufuli, ufunguo uliochongwa gizani.

Kusoma: mara ya kwanza soma kwa raha. Mara ya pili shika penseli, weka alama kila mwandishi anapofichua kanuni ya dunia yake, na uandike pembeni kama imeelezwa au imetendwa. Hesabu pia majina mapya katika kurasa tano za kwanza, halafu hesabu yako. Utakata bila kuambiwa.

Ngeli_na_Majoka
Mmesahau sarufi! Kiumbe chochote cha kubuni kiamulie ngeli mapema. Jini *ameingia*, majini *wameingia*, hilo tunalo. Je, upanga unaosema? Uandike "upanga ukang'aa, upanga ukalia" sura nzima, kisha siku moja "upanga akacheka". Msomaji amejua kuwa ni hai, na hujaandika hata sentensi moja ya maelezo. Ila ukichanganya ovyo kabla ya hapo, wataona ni kosa la uchapaji tu.

Wino_Mkavu
Hiyo ya upanga naiba. Majedwali ya matukio ya njiani, yale ambayo unarusha dadu na namba inakuambia msafiri anakutana na nini, niyatupe?

Pembesita
Usitupe, yapange upya. Dadu mbili za pande sita hutoa jumla ya 6, 7 au 8 mara 16 kati ya 36, karibu nusu. Hapo weka mvua, wachuuzi, daraja bovu. Joka likae kwenye 12, mara 1 kati ya 36. Rusha unapokwama kwenye rasimu, ila tokeo likubaliwe tu kama linamgharimu mhusika kitu.

Kalamu_Mbili
Na wahusika waliochezwa na wenzako ni wao, omba ruhusa kabla hujawaandika. Viumbe pia, kama umevitoa kwenye mchezo wa watu: mwaka 2023 hati ya kanuni za msingi, toleo la 5.1, ya mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, unaitumia kwa kutaja chanzo. Kilichomo kwenye vitabu vingine vya mchezo huo usikibebe. Joka, zimwi na jini havina mwenyewe.