Shingo ya juu: je, nyaya zistaafu, skrubu zishike kazi?

Mleta mada: Wakuu, naleta hoja. Karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa uko kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo. Kiungo hicho kikilegea, kwa ajali au kwa baridi yabisi, ugwe wa neva unaopita humo uko hatarini, na daktari hulazimika kuzifunga pingili hizo zisicheze. Daktari wa upasuaji Gallie alifunga kwa waya mwaka 1939. Brooks na Jenkins wakaboresha mwaka 1978. Baadaye Magerl akapitisha skrubu ndani ya kiungo chenyewe. Goel (1994) na Harms (2001) wakatia skrubu kila pingili na kuziunganisha kwa chuma. Kwenye vipimo vya maabara skrubu zinashinda. Nasema nyaya ziachwe kabisa.

Mchangiaji wa 1: Zinashinda upande upi, mkuu? Waya wa Gallie huzuia vizuri kuinama mbele. Aibu yake ni kwenye kuzunguka: umefungwa nyuma, katikati, basi pingili hujipinda kuuzunguka. Brooks hubana kulia na kushoto, ndiyo maana pingili hazizunguki sana kama kwa Gallie. Usizitie zote kapu moja.

Mchangiaji wa 2: Mimi hukaa chumba cha upasuaji. Skrubu ya Magerl hupita jirani kabisa na ateri inayopanda kwenda kwenye ubongo. Kuna watu ateri hiyo imepanda juu mno ndani ya pingili ya pili, na ukiitazama picha ya CT unaona njia ya skrubu haipo. Utamwambia nini mgonjwa huyo, kwamba maabara imesema? Wright alileta skrubu za kulala ndani ya bamba la nyuma la pingili ya pili, mbali na ateri. Salama zaidi, ila majaribio yameonyesha zinalegea zaidi shingo inapolalia ubavuni.

Mleta mada: Hata waya una masharti. Upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ukiwa umevunjika, utaufunga kwenye nini?

Mchangiaji wa 2: Hapo umenipata.

Mchangiaji wa 3: Ninyi mnabishania nyuzi (digrii) za mzunguko zilizopimwa kwenye shingo za maiti, misuli imeshatolewa, tena siku ya kwanza tu. Chuma ni cha kushikilia mfupa uliopandikizwa hadi uunge. Usipounga, chuma kitachoka, kiwe cha Harms au cha nani. Na skrubu kwenye mfupa wa mzee uliokwisha madini ni kama msumari kwenye mbao iliyooza.

Mchangiaji wa 4: Naongea kama mgonjwa niliyefungwa pingili hizo. Imara ipo, sina ugomvi. Lakini nikiitwa kwa nyuma nageuza mabega yote, na hilo sikuambiwa kabla. Kumbe kuna waliovunjika jino (kile kinundu kinachochomoza juu) la pingili ya pili wanaowekewa skrubu kwa mbele, na kiungo kinabaki kikizunguka?

Mchangiaji wa 3: Ndiyo, jeraha likiwa bichi, mpasuko ukikaa vizuri na kano inayolishika jino ikiwa nzima.

Mleta mada: Basi naondoa neno “kabisa”. Waya ubaki, lakini msaidizi wa skrubu: ukiongezwa juu ya zile mbili za Magerl, kiungo kinashikwa pointi tatu. Waya peke yake, na mgonjwa avae fremu ya kichwani kwa miezi? Hapo sisogei.

Mchangiaji wa 1: Na ateri ikiwa juu pande zote mbili?