Dar ijengwe kwenda juu? Mlioishi ghorofani au kujengewa ghorofa ubavuni, tupeane uzoefu

Mpangaji wa Uani: Wakuu salaam. Leo nilienda Kariakoo kufata mzigo nikakatiza mtaa niliokulia, ile nyumba ya babu ya vyumba sita na uani haipo, limesimama ghorofa, chini yote fremu za maduka, juu wapangaji. Nikasimama kama mjinga natafuta mwembe. Halafu kila siku tunaambiwa mji uende juu maana ushafika Chanika, na mimi nakubali, nauli na foleni vinatumaliza. Ila nyie mliokaa humo, ilikuaje?

Kidagaa: Mimi choo tu. Uswahilini watu kumi na ndoo mkononi mnasubiriana, huku nafunga mlango wangu. Sirudi ng'o.

MamaZuu: Kidagaa we hujafiwa. Sisi tulikuwa ya tano, lifti ilishakufa kitambo maana wa chini hawatoi hela ya lifti, wanasema hawaipandi. Bibi akafariki usiku. Asubuhi jeneza likaletwa, vijana wakapanda nalo mpaka ya pili, kona ya ngazi ikakataa, wakalisimamisha wima, halipiti, ikabidi lisubiri chini, bibi tukamteremsha kwenye mkeka wa ukili, wajukuu wanne, wawili wanashuka kinyumenyume, mmoja kila ngazi anasema "pole bibi, pole bibi". Chini hakuna pa kufunga turubai, magari yamejaa, mlinzi anauliza nani katoa ruhusa. Kina mama wakakaa koridoni mbele ya saluni. Mpaka leo nikipanda ngazi nazihesabu.

Bonge la Bwana: Daah, dada pole sana aisee.

Fundi Nondo: Pole dada. Ila hapo kosa la mchoro, sio ghorofa. Magomeni Kota kaya 644 wamejengewa juu, 2022 wakakabidhiwa pale pale zilipobomolewa kota zao. Wangejengewa za chini wangeenea wote?

Chumba na Sebule: Fundi usitupambe. Machi 2013 mtaa wa Indira Gandhi ghorofa liliua watu 36, Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo watu wakawa wanaongea chini ya kifusi. Mafundi walikuwepo wote.

Fundi Nondo: Tajiri ndo anaenunua nondo. Mimi naambiwa weka hiyo hiyo.

Chumba na Sebule: Na ukaweka?

Kidagaa: Fundi kaenda kuswali 😂😂

Bint Gerezani: Tuacheni utani, sisi jirani alichimba msingi hatua mbili toka ukuta wetu, ufa ukaanza dirishani ukashuka mpaka sakafuni, vidole vinaingia. Tukaenda ofisini wakasema kibali anacho. Mama akaziba na sementi kila Idi kama anapaka rangi. Mwisho tumeuza, kwa huyo huyo.

Bonge la Bwana: Ushauri wangu pangeni ya kwanza, msiba ukitokea ni ngazi chache.

MamaZuu: Ya kwanza? Chemba ikifurika mnaoga nayo nyie. Tafuta ya tatu, na kabla hujalipa miezi sita nenda saa mbili usiku ufungue bomba uone kama maji yanapanda.

Kidagaa: Na uwashe jiko la mkaa barazani, mwenye nyumba akifika ndani ya dakika tano huyo yuko makini.

Bonge la Bwana: Mwanzisha uzi, hilo ghorofa la kwa babu, kuna fremu iko wazi?