Mkimbiaji wa Mwanza aache ugali? Nasema hapana, anayepinga alete hoja

Wakuu, tujadili hili waziwazi. Kila msimu wa maandalizi ya Rock City Marathon, kila kundi la jogging hapa jijini linapata mtaalamu wake wa chakula. Mmoja anasema wanga ni sumu, kula mayai, nyama na parachichi tu. Mwingine anasema bila wanga hufiki popote. Wa tatu anauza unga wa protini. Anayeanza mazoezi anabaki njia panda, na wengi wanamfuata yule wa kwanza kwa sababu ana picha za vitambi vilivyopotea.

Msimamo wangu: anayejiandaa kwa kilomita 21 au 42 akiacha wanga, anajimaliza mwenyewe.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500. Ukikimbia kwa kasi, akiba hiyo inakufikisha saa moja na nusu, ukijitahidi mbili. Mafuta tunayo tele, hata sisi wembamba, ila kuyachoma kunadai oksijeni nyingi zaidi kwa kasi ileile. Mtafiti wa Australia, Louise Burke, alilionyesha hili mwaka 2017 kwa wanariadha wa kimataifa wa matembezi ya kasi. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo kwa wiki tatu miili yao ilizoea kweli kuchoma mafuta, lakini muda wao wa mashindano haukuboreka. Wenzao waliokula wanga waliboresha.

Na hapo jirani tu, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia chakula cha wakimbiaji wa kiwango cha juu kambini. Zaidi ya asilimia 76 ya nguvu yao ilitokana na wanga, na ugali peke yake ulichangia karibu robo ya nguvu yote. Sisi tunaambiwa tuuache!

Jumamosi moja kijana wa kundi letu aliyekuwa ameacha wanga alikaa chini pembeni ya barabara pale Pasiansi, mikono inatetemeka, ukimuuliza jambo anajibu nusu. Akapewa soda. Baada ya dakika chache akawa anaongea vizuri, lakini kukimbia ikawa basi. Na ni kijana mwenye bidii kuliko wengi wetu, ndiyo maana inaniuma.

Najua nitatajiwa Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini, aliyewahi kuhimiza wanga kwa wakimbiaji kisha akageuka. Namheshimu, ila yeye mwenyewe ana kisukari cha aina ya pili. Kwa mwenye kisukari, au anayetaka kupunguza uzito, kupunguza wanga kunaweza kumsaidia sana, na afanye hivyo akiwa na daktari wake. Hilo ni swali jingine kabisa. Tunagombana kwa sababu jibu la mgonjwa anapewa mkimbiaji.

Miongozo ya lishe ya michezo inataja gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa anayefanya mazoezi saa moja hadi tatu kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 360. Unga wa mahindi gramu 200 unampa kama 150, bado uji, wali na viazi. Protini ni gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo, na hapo ndipo sielewi kopo la unga kutoka nje linatafuta nini kwa mtu anayeishi karibu na dagaa wa soko la Mwaloni. Njiani, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) yanatosha mfukoni, mradi uyajaribu kwenye mazoezi kwanza, tumbo lisije likakugomea siku ya mbio.

Kuhusu maji, kunywa ukisikia kiu. Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa imeshuka kuliko inavyotakiwa, hasa waliokunywa kupita kiasi.

Sasa makocha mnaokataza ugali, nawaomba mjibu hapa: mtu akija kwenu, mnamuuliza kwanza kama anataka kupungua au kukimbia 42? Na kama yupo mwenzetu aliyeacha wanga akapunguza muda wake wa marathoni, aje na muda wa kabla na wa baada, tuuangalie pamoja.