Nyundo za Bechstein kuukuu: nipige msasa au niweke mpya?

mseremala_kwaya (Mombasa):
Salaam wakuu. Mimi ni seremala, Jumapili napiga kinanda. Kanisani tuna Bechstein, piano ya Kijerumani, ya miguu mitatu, vibonyezo 85. Sauti za juu zinalia kama kijiko kikigonga sufuria. Jana nimeivuta mashine yote ya nyundo nje: sufu imechimbwa mitaro na nyuzi, na huku mwisho kabisa nondo wameila mpaka mbao inachungulia. Kamati imekubali kuagiza seti Ujerumani. Ning'oe zote nizipime mezani? Nikiri pia: wakati wa kuvuta, kidole kiligusa kibonyezo, nyundo ikainuka ikanasa. Mpini ukakatika, krak.

fundi_sauti:
Pole mkuu, kila fundi ana mpini wake aliouvunja. Ukivuta, shika fremu. Vibonyezo usiviguse hata kwa kanzu.
Msasa huondoa mitaro kama sufu bado nene. Mbao ikishaonekana, msasa hauna kazi. Ila using'oe zote! Kila sehemu ya nyuzi ibakishie nyundo ya kwanza na ya mwisho kwenye mipini yake. Hizo ndizo kipimo chako: kimo kutoka mpini hadi ncha ya sufu, na zile za besi zinavyoinamia upande kufuata nyuzi zinazopita mshazari. Ukizitupa, matundu ya mipini kwenye nyundo mpya utayatoboa kwa kubahatisha.

mseremala_kwaya:
Kutoboa sina wasiwasi, keekee ya meza ninayo.

mama_vinanda:
Keekee sawa, mizani je? Mimi piano ya nyumbani niliiwekea nyundo nene za kisasa, nikifurahia unono wake. Kila moja ilizidi ya zamani kwa gramu 2 hivi. Gramu moja kwenye nyundo, kidole huilipa kama tano. Binti yangu alipiga ukurasa mmoja, akaanza kujikanda viganja! Ikabidi nizing'oe tena, nizipunguze mbavu moja moja. Zipime za zamani, uagize nyepesi.

fundi_sauti:
Kweli kabisa. Na hapo kwenye oktavu ya mwisho, yaani zile sauti za juu kabisa, mwanangu, usiwe na haraka ya gundi. Kule nyuzi ni fupi mno, nyundo ikikosea milimita moja sauti inakufa. Chomeka chache bila gundi, rudisha mashine, gonga huku ukiisogeza ndani kidogo, nje kidogo. Kuna mahali sauti itafunguka ghafla. Hapo tia alama ya penseli, ndipo upashe moto gundi ya ngozi. Hata yule atakayezibadilisha baada yako atazing'oa kwa mvuke bila kupasua kitu.

mseremala_kwaya:
Na ule mpini uliokatika, niunge?

mama_vinanda:
Kwa sasa unga, ufunge na uzi, upate kupima. Halafu agiza mpya pamoja na nyundo. Usisahau kupima umbali kutoka kwenye pini ambayo mpini huzungukia hadi kile kirungu cha ngozi chini ya mpini, maana si mipini yote inalingana.