Waandaaji wa shoo Dar, hiyo "milango wazi saa 10 jioni" mnayoandika ni ya jiji gani?

Wakuu, heshima zenu. Kama kuna mwandaaji wa matamasha humu asipite kimya kimya, asome mpaka mwisho. Na mods nawaomba msiuhamishe uzi huu kule kwenye burudani. Hapa hakuna burudani yoyote, hapa ni hela za watu.

Jumamosi iliyopita mimi, mama watoto na shemeji yangu tulitoka Morogoro kuja Dar kwenye shoo moja ya jioni maeneo ya Masaki. Kampuni siitaji, msije mkasema nachafua jina la mtu, na ukweli ni kwamba mngebadilisha jina tu, hadithi ingebaki ileile. Kiingilio elfu 50 kwa kichwa, tumelipia mapema kwa simu. Bango limeandikwa kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara: milango wazi saa 10 jioni, shoo inaanza saa 12 kamili.

Sasa mtu wa mkoani ukiona saa imeandikwa, unapanga siku yako kwa hiyo saa. Tukachukua treni ya umeme asubuhi, 13,000 daraja la kawaida, hata masaa mawili hayafiki uko katikati ya jiji. Kurudi tukakata tiketi za basi la saa 6 usiku kutoka Mbezi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, sisi wa Moro tunaweza kwenda shoo Dar na kulala kwetu. Hesabu ilikuwa nyepesi: shoo saa 12, msanii mkubwa tuseme saa 2 au 3, saa 4 tunatoka, saa 5 na nusu tupo stendi tunakunywa chai. Kuna kosa gani hapo?

Balaa la kwanza lilitukuta hata treni haijafika Pugu. Ujumbe umeingia kwenye simu: "Mabegi hayataruhusiwa ukumbini isipokuwa pochi ndogo." Tiketi tumenunua siku nyingi, masharti yanakuja siku ya shoo! Sisi tuna begi moja la maana, lina nguo za kubadili, masweta ya kwenye basi na viatu vya mama watoto vya kuingilia ukumbini. Haya, nyie mnaoishi Dar niambieni, mgeni asiye na ndugu mjini anaacha wapi begi kwa masaa kumi?

Tukazunguka Kariakoo. Mwenye duka la kwanza anasema akiweka begi la mtu asiyemjua wataliona ni bomu. Wa pili anataka kwanza ninunue kitu, na dukani kwake anauza matairi. Mwisho tukaingia gesti. Nikamwambia dada wa mapokezi tunaacha begi tu, usiku tunalipitia. Akanitazama mimi, akamtazama mama watoto, akamtazama shemeji, akachukua kalamu: "Mapumziko ya masaa mangapi?" Nikarudia, dada yangu, ni begi. Akasema, "Kaka, begi haliandikwi kitabuni, anaandikwa mtu." Shemeji keshatoka nje kusimama barabarani kwa aibu. Nikaandika jina langu, nikatoa elfu 20, begi likafungiwa chumbani lenyewe, na feni limewashiwa. Siku nzima ile, aliyepumzika kati yetu ni begi peke yake.

Jiji lenyewe sina ugomvi nalo, niseme ukweli. Tulienda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, shemeji hakuwahi kufika. Kasimama mbele ya magari ya kina Nyerere mpaka nikamvuta mkono. Kuna habari za fuvu la Zinjanthropus lililookotwa Olduvai 1959, kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Hapo jirani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1893, kivuli cha bure katikati ya mji, kitu adimu sana Posta, maana kwingine kote ukitaka kukaa lazima uagize soda. Halafu tukashuka Feri kula samaki. Mnaomjua changu wa Feri mnajua. Unamchagua mwenyewe akiwa mbichi, unampeleka kwa wakaangaji, jamaa wamesimama juu ya yale makarai makubwa ya mafuta, jasho linawatiririka, anamgeuza samaki wako kwa chuma kirefu na samaki za watu wengine kumi na hachanganyi hata mmoja. Ndimu, pilipili, ugali wa kuvunja kwa mkono. Mama watoto akasema sasa tuvuke na pantoni twende Kigamboni tukapunge upepo, mia mbili tu, turudi jioni.

Nikakataa. Nikasema milango ni saa 10, foleni ya mjini mnaijua, tusije tukachelewa kupata sehemu nzuri ya kukaa.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe, wakuu. Watu wakilalamikia shoo kuchelewa husemea usiku tu, oh tumekesha, oh tumelala macho. Mimi naudai mchana wangu. Yale masaa ya Feri, ya pantoni, ya kukaa Coco na sahani ya mihogo na kachumbari tukiangalia bahari, tuliyakatisha kwa sababu mtu aliandika saa ya uongo kwenye bango huku anajua ni ya uongo. Bajaji ilitupitisha daraja la Tanzanite, Coco ile pale watu wanakula mishikaki, na mimi namwambia dereva kanyaga.

Tumefika getini saa 10 kasoro. Geti limefungwa kwa mnyororo. Ukichungulia ndani unaona vijana wako juu ya jukwaa wanafunga nguzo za taa, viti bado vimepangwa mirundo kama vimetoka kwenye lori sasa hivi. Akatoka fundi mmoja na waya begani, akatutazama tulivyovaa tukapendeza, akauliza, "Nyie ndio mmeleta jenereta?"

Hapana kaka, sisi tumeleta laki na nusu.

Saa 11 tupo pale. Hakuna kivuli, hakuna benchi, hakuna choo. Shemeji kabanwa, akaenda sheli ya jirani, akaambiwa choo ni cha wateja wanaojaza mafuta. Saa 12 "kamili" ikapita, adhana ya magharibi ikapita. Foleni imeshakuwa ndefu na ukiwasikiliza watu wanavyoongea, karibu wote ni wa nje ya jiji: Kibaha, Chalinze, kuna dada wawili wametoka Tanga. Wenyeji wa Dar hakuna, wenyeji bado wako kwao wanapiga pasi nguo. Saa 1 na nusu usiku Kenta ikaingia na jenereta. Watu tukapiga makofi! Ndilo lililokuwa la kwanza kutumbuiza siku ile.

Geti limefunguliwa saa 2 usiku. Maji tuliyonunua nje mia tano yakanyang'anywa mlangoni, ya ndani chupa ileile ni elfu tatu. Mpaka saa 4 ni didjei na MC anayepiga kelele "Dar mpooo?" kila baada ya dakika mbili. Baada ya hapo wakaanza kupanda chipukizi, wanaimba juu ya sauti zao wenyewe zilizorekodiwa, mmoja maiki imezimika na wimbo ukaendelea vizuri tu. Saa 5 ikabidi tuondoke kuwahi basi. Nikamfuata baunsa nikamuuliza huyu mkubwa anapanda saa ngapi. Akanicheka usoni: "Bosi, huyo hapandi kabla ya saa 8. Si kila mtu anajua?"

Kila mtu nani? Aliyetoka Tanga anajua? Kama kila mtu anajua, kwa nini msiandike saa 8? Si ndiyo muandike kwenye bango tujue!

Nimekaa nimeuliza uliza watu wanaofanya kazi kwenye haya mambo, na majibu yao yanafanana. Msanii mkubwa hapandi jukwaani bila kumaliziwa hela yake. Mwandaaji naye hela ya kumalizia anaitegemea getini. Getini watu wa Dar wanaingia saa 5 kwenda mbele. Kwa hiyo sisi tuliolipa mapema na kuwahi ndio tunaokaa kumsubiri aliyelala, ili kiingilio chake kikamlipe msanii. Na wakati tunasubiri tunanunua maji ya elfu tatu, kwa hiyo kuchelewa kwenyewe ni biashara nyingine ndani ya biashara. Mwenyeji keshajifunza, anachelewa zaidi. Mwandaaji anaona watu wanachelewa, anasogeza mbele zaidi. Mwaka kesho watapanda alfajiri.

Na msiniambie Waafrika hatuna muda. Pale uwanja wa Mkapa wanaingia watu elfu 60, mechi ikipangwa saa 1 usiku filimbi inalia saa 1 usiku (ile dabi ya Simba na Yanga ya Machi 2025 iliyoahirishwa siku yenyewe tuiache, ina wenyewe). Treni iliyonileta iliondoka kwa dakika yake. Kumbe inawezekana, kasoro kwenye shoo tu.

Jumatatu nikawaandikia kwa namba iliyo kwenye bango, kistaarabu kabisa, nikaomba hata nusu, maana msanii niliyemlipia sijamwona. Jibu: "Pole sana bro, shoo ilifanyika na watu walienjoi. Karibu tena tamasha lijalo." Nikauliza tena, nikablokiwa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya mwanzo. Aliyesema "mshamba mmoja kaja mjini" sawa, mimi mshamba, ila mshamba ndiye aliyelipa mapema na kiingilio chake ndicho kilichokodisha hiyo Kenta ya jenereta. Aliyeuliza kwa nini nisilale Dar nikaona shoo mpaka mwisho: chumba cha begi nilikuwa nacho, mkuu, lakini kina kitanda kimoja na sisi tuko watatu na mmoja ni shemeji. Na anayesema nisubiri nitazoea, sitaki kuzoea.

Kuna mdau kanigusia faragha kwamba Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kwamba Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya namna hii. Bango ninalo, tiketi tatu ninazo, ujumbe wa mabegi ninao, na picha ya jenereta likishushwa saa 1 na nusu usiku ninayo, saa inaonekana kwenye picha. Kama kuna mtu humu alishapeleka lalamiko la tiketi ya tamasha FCC, aje aseme alianzia dirisha gani na kama alirudishiwa chochote. Wale dada wawili wa Tanga kama mpo humu, njooni inbox, twende pamoja.