Kikundi: Kwa Kukhu (Nyanya), Malava 🌽

JUMAMOSI

Senge Beatrice, 8:14 usiku
Hamjambo wote. Faith amenipigia mimi shangazi yake akilia. Naomba kila mtu asome na AJIBU, si kuangalia tu. Faith, weka ile picha.

Faith, 8:31 usiku
[picha]
Hii ndiyo karatasi ya masaa ya harusi ya Njoro. Tulianza kupakia lori saa kumi na moja asubuhi, tukamaliza kuosha masufuria saa sita usiku. Meneja anaandika kwa penseli. Angalieni kwa jina langu, amefuta mpaka karatasi imetoboka. Sai inasoma saa saba mchana hadi saa moja jioni. Masaa 6.

Senge Beatrice, 8:33 usiku
Waambie na pesa.

Faith, 8:36 usiku
120 kwa saa, hiyo ni 720. Wakakata 350 ya vijiko vilivyopotea na 150 ya aproni. Nimetumiwa 220 kwa M-Pesa, na nauli ya boda kurudi Kaptembwa nilitoa mwenyewe.

Petero, 8:40 usiku
Wakitafuta vijiko waanzie kabati ya Senge 😂😂 Bado viko vile vya harusi ya Rose?

Rose, 8:41 usiku
😂😂😂 Na ile sahani ya maua

Senge Beatrice, 8:42 usiku
Petero nakuheshimu sana. Leo usinijaribu.

Petero amebadilisha picha ya kikundi.

Petero, 8:44 usiku
Hiyo ni sahani ya maua jameni, hamwoni?

Senge Beatrice, 8:52 usiku
Nimepanga hivi. Jumanne saa mbili asubuhi tukutane ofisi ya leba hapo Nakuru. Mimi natoka Malava Jumatatu. Dan uje, wewe unajua haya mambo. Wekesa naye aje, alikuwa kwa hiyo harusi. Jafeti LAZIMA.

Senge Beatrice, 9:20 usiku
Mko kimya.

Senge Beatrice, 9:47 usiku
Watu 23 kwa hiki kikundi.

Wekesa, 10:05 usiku
Mimi niko kazini Senge. Lakini kuna kitu. Ukiulizia masaa, wiki inayofuata hupigiwi simu. Hawakufuti, wananyamaza tu. Kuna dada aliuliza mwezi wa tatu, mpaka leo anauza mandazi.

Dan, 10:18 usiku
Shemeji, nimeona. Nikiwa mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, tulipata kesi nyingi za hivi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua alipwe siku ikiisha. Wakiita vijiko hasara, mwenye kukatwa ni aliyeharibu kwa makusudi, si kugawia kila aliyevaa aproni. Na hata ungekuwa na makosa yote, hawawezi kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Kwa 720 hiyo ni 480. Wamekata 500. Faith, umefanya nao mfululizo tangu lini?

Faith, 10:22 usiku
Tangu Januari anko. Karibu kila siku.

Dan, 10:25 usiku
Basi wewe si kibarua tena. Ukipitisha mwezi mmoja mfululizo sheria inakuhesabu mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 37. Tunza hiyo picha, na kuanzia kesho andika masaa yako kwa daftari, mwenzako aweke sahihi.

Wekesa, 10:27 usiku
Nani ataweka sahihi anko 😅

Jafeti, 11:02 usiku
Jameni, mbona haraka hivi? Mwenye hiyo kazi ni mtu wangu, tumesoma naye. Niachieni nimwongeleshe polepole. Mkienda leba mtaniharibia jina.

Senge Beatrice, 11:03 usiku
Hata mwenye hema alikuwa mtu wako.

Jafeti, 11:03 usiku
Beatrice.

Senge Beatrice, 11:04 usiku
Nimesema tu.

Jafeti, 11:09 usiku
Ile pesa nilieleza mbele ya watu wote. Rose alikuwepo.

Rose, 11:10 usiku
Msiniingize.

[Ujumbe huu umefutwa]

JUMAPILI

Dorcas, 6:50 asubuhi
Shikamooni. Nimemsomea Kukhu yote. Ameniambia niandike vile anavyosema, nisipunguze.
"Jafeti, huyu mtoto ulimtoa hapa kwangu ukaniambia ni kazi ya heshima. Nilimfungia kuku. Mambo ya hema nimeyazika na baba yenu, asiyafukue mtu. Utaenda mwenyewe kwa huyo rafiki yako, ukae kwake mpaka atoe pesa ya mtoto. Usitume simu."

Jafeti, 9:34 asubuhi
Nimesikia Mama.

Senge Beatrice, 9:35 asubuhi
Asante Mama. Kwa hivyo leba bado ni Jumanne?

Dan, 12:10 mchana
Mama amesema, sipingi. Ila akimlipa Faith peke yake, Wekesa na wale wengine je?

Petero, 12:40 mchana
Kwani kuku alikuwa wa Faith? Mimi nilienda Nairobi na viazi.

Faith, 2:15 mchana
Senge, ratiba imetoka. Jumanne nimewekwa Naivasha, lori linaondoka saa kumi usiku. Wekesa pia. Nikikosa sijui kama nitaitwa tena.

Senge Beatrice, 2:16 mchana
Basi Jumatano. Jafeti, Jumatano?

Senge Beatrice, 5:40 jioni
Jafeti?

Jafeti, 8:58 usiku
Wacha kwanza nimwone huyo mtu kesho. Nitawaambia.

Senge Beatrice, 8:59 usiku
Kesho saa ngapi?